Tela la boti au la mzigo Mwanza: cheni tupu, breki ya kusukumwa, ya umeme au ya upepo?

Mtu akienda kuchomelesha tela huku kwetu, iwe la kushushia boti Kayenze au la kupelekea jenereta Geita, maswali ya kwanza ni chuma cha unene gani, ringi namba ngapi, taa zikae wapi. Breki inakuja mwisho kabisa na ikija inakuja kama ubishi, mmoja anakwambia cheni inatosha mbona miaka yote tunavuta, mwingine kaona video ya tela la Marekani lina kiboksi cha betri mbele na yeye anataka hicho hicho, wa tatu ana fundi wake Nyakato aliyemfungia ekseli ya gari bovu pamoja na hendibreki yake basi kwake mjadala umeisha. Ukiwasikiliza vizuri kila mtu anaongelea kitu chake. Naviweka ubavu kwa ubavu hapa na nitasema wazi ningechukua kipi.

Tuanze na tela kuchomoka kwenyewe, maana watu wanadhani ni ajali ya ajabu ajabu. Hamna. Kikombe cha tela, kile cha mbele kinachofunika boli, hakikukaa sawa juu ya boli (ule mpira wa chuma nyuma ya gari), au kufuli lake limeliwa, au nati iliyoshika boli imejifungua taratibu kwa mtikisiko wa barabara, au chuma kimekatika palepale kilipochomelewa. Likishatoka, kwa mwendo wa 80 linakula kama mita 22 kila sekunde, na wewe unajua barabara ya Musoma ukishapita Igoma na Kisesa pembeni kuna nini: vibanda, bodaboda zimepaki, wanafunzi, ng'ombe.

Hapo kuna vitu viwili tofauti unaweza kutaka. Kimoja ni tela libaki limeshikwa na gari ili usimame nalo, hiyo ndo kazi ya cheni. Kingine ni tela lijifunge breki lenyewe hata kama dereva hajajua kilichotokea, na hiyo ndo kazi ya waya wa dharura, ule unaotoka kwenye tela kuja kufungwa kwenye gari. Wazungu wenyewe hawakubaliani hapa. Ulaya tela lenye breki mara nyingi lina waya tu, wazo lao ni kwamba likichomoka lifunge breki, liachane na gari, lisimame lenyewe. Marekani wanataka vyote, cheni lishikwe na waya lifungwe. Kwa barabara zetu zilizojaa watu pembeni mimi nipo upande wa Wamarekani, sitaki tani moja na nusu ijichagulie pa kwenda hata kama matairi yamefunga.

CHENI TUPU, BILA BREKI

Hii ndo iko kwenye matela mengi ya hapa na sio kosa kila mahali. Ulaya tela lisilo na breki linaruhusiwa mpaka kilo 750, hiyo ni tela na mzigo wake wote pamoja, na Uingereza wanaongeza kwamba lisizidi nusu ya uzito wa gari linalovuta. Sasa piga hesabu, IST ina karibu tani moja, nusu yake ni kilo 500. Kwa hiyo IST kuvuta tela la viti na maturubai ya harusi kutoka Buzuruga kwenda Nyegezi, sawa. Boti ya faiba ya mita 5, hapana. Injini peke yake ya farasi 40 ni kilo 70 mpaka 100 kutegemea aina, weka tanki la mafuta, nanga, tela lenyewe la chuma ambalo fundi wetu akichomelea hana mchezo anaweka chuma kama anajenga geti, bado boti yenyewe. Kilo 750 unazipita kabla hujapanda nyavu.

Kama uzito wako kweli uko chini ya hapo, cheni ziwe mbili, na zipishane chini ya kikombe, ya kulia ishike kushoto na ya kushoto ishike kulia. Sababu ni kwamba kikombe kikitoka kwenye boli kinadondokea juu ya huo msalaba badala ya kwenda kuchimba lami, maana pua ya tela ikichimba lami tela linaruka juu. Urefu uwe wa kukata kona bila kukaza ila isiburuze chini. Na zifungwe kwenye chuma kilichoshika chasisi, sio kwenye bampa, na sio kwenye shingo ya boli, boli likitoka si limeondoka na cheni yake.

Kamba ya nyavu sio cheni. Najua inavutia kwa sababu iko kila mahali mwaloni na ni ngumu kweli kweli, ila nailoni inavutika kwanza alafu inarudi kwa nguvu, na ikisuguana na lami haifiki mbali.

BREKI YA KUSUKUMWA

Hii mimi ndo naipenda kwa mazingira yetu. Gari likipunguza mwendo tela linataka kulisukuma kwa nyuma, kile kichwa cha mbele cha tela kinaingia ndani yake kidogo, kinavuta fimbo, fimbo inavuta waya za breki kwenye dramu, lile bakuli la chuma la breki ndani ya gurudumu. Basi. Hamna umeme, hamna kitu cha kufunga ndani ya gari, na linavutwa na gari lolote lenye boli la saizi yake. Hilo kwa Mwanza ni jambo kubwa kuliko watu wanavyolichukulia, kwa sababu tela la boti hapa halina gari moja, leo linavutwa na Hilux ya mwenye boti, kesho kaka yake kalichukua na Prado, keshokutwa limeazimwa. Ulaya aina hii inaruhusiwa mpaka kilo 3,500, Australia wao wanaishia tani 2.

Waya wake wa dharura umefungwa kwenye hendibreki ya tela. Tela likichomoka, waya unakaza, unavuta hendibreki mpaka juu, alafu waya wenyewe unakatika. Unakatika kwa makusudi, umetengenezwa hivo. Hapa ndo mafundi wetu wanaharibu, anauona mwembamba, anasema huu utakatika bosi, anakuwekea waya wa winchi. Sasa waya usiokatika unafanya tela lililofunga matairi libaki linaburuzwa na kamba moja iliyokaa upande, na linaanza kwenda kiubavu. Kazi ya kulishika waachie cheni. Ukinunua tela lililotumika kutoka Uingereza angalia huo waya kwanza, ukikuta umebadilishwa uliza kwa nini.

Kitu kingine kinachopotea kwenye kazi za hapa ni springi au gesi ya hendibreki. Matela ya kisasa ya aina hii yana breki inayoachia yenyewe ukirudi rivasi, ni nzuri sana ila ina tabia yake, ukipandisha hendibreki tela likiwa limeangalia mlimani linaweza kurudi nyuma kidogo kabla breki haijashika sawasawa, na kwenye huo mwendo mdogo ile springi au gesi ndo inaendelea kuvuta hendibreki kukaza. Imekufa? Hendibreki inabaki nusu. Jaribu kwenye mteremko, ivute kwa nguvu, sukuma tela nyuma kwa mkono mkiwa watu wawili, uone lever inapanda yenyewe au imelala.

Toleo la fundi Nyakato, yani ekseli ya gari bovu na hendibreki yake, silidharau. Dramu ni dramu. Linakosa vitu viwili kwa kawaida: lever haina meno ya kujishikilia kwa hiyo waya ukishakatika hendibreki inarudi chini na tela linaendelea na safari, na kile kichwa cha kuteleza hakina shokapu ndani kwa hiyo kila ukigusa breki tela linagonga gari. Vyote viwili vinarekebishika ukimwambia fundi kabla hajapaka rangi.

Udhaifu wake ni joto. Kwenye mteremko mrefu tela linasukuma muda wote kwa hiyo breki zinakaa zimegusa muda wote. Ndani ya Mwanza hulioni sana hilo, vilima vyetu ni vifupi, ila ukienda Bukoba au Ngara utalinusa. Shuka na gia ndogo, simama katikati kama panaruhusu.

NDUGU YAKE YA MAFUTA

Kusukumwa ni kule kule ila kichwa kinabonyeza masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki, na mafuta ya breki ndo yanaenda kwenye magurudumu. Matela mengi ya boti ya Marekani yako hivi na kwa boti ina faida ya wazi, unaweza kufunga breki za diski ambazo zikitoka majini zinakauka fasta kuliko dramu. Waya wa dharura unavuta kilever kinachobonyeza masta silinda na kuikamata hapo hapo.

Ubaya wake ni kwamba kila kitu kinategemea mafuta yale yale. Paipu ikivuja huna breki ya kawaida na huna ya dharura, kwa wakati mmoja, na nyingi hazina hendibreki kabisa kwa hiyo ukipaki kwenye kilima kama Capri Point utahitaji kigingi kwenye tairi kila siku. Pia lile la diski linahitaji waya kutoka kwenye taa ya rivasi ili breki ziachie ukirudi nyuma, huo waya ukikatika utashangaa gari linaunguruma na tela halirudi. Kushuka nalo rivasi kwenda majini halisumbui hata hivyo, kwa sababu mteremko wenyewe unalivuta tela mbali na gari. Shida ni kurudi rivasi ukipanda.

YA UMEME

Hiki ndo kile kiboksi cha kwenye video. Kila gurudumu lina sumaku ndani ya dramu, umeme ukifika sumaku inang'ang'ania dramu na kuvuta breki. Ndani ya gari kuna kidhibiti kinachopima umeme uende kiasi gani, na dereva anaweza kuongeza au kupunguza kulingana na mzigo, hapo kwa kweli hamna breki ya kusukumwa inayoifikia, kwenye tela la tani 2 na nusu barabara ya vumbi unahisi tofauti.

Dharura yake ni swichi yenye pini. Pini imefungwa kwa waya mwembamba kwenye gari, ikichomoka swichi inaunganisha betri ndogo ya volti 12 iliyo juu ya tela moja kwa moja na sumaku zote. Sheria ya Marekani kwa magari ya biashara na ile ya Australia kwa tela la zaidi ya tani 2 zinataka breki ikishajifunga ibaki imefunga angalau dakika 15. Sumaku moja inakula kama ampia 3, ekseli mbili ni sumaku nne, ampia 12, kwa robo saa unatumia ampia-saa 3. Kwa hiyo betri ya ampia-saa 5 inatosha, na betri za pikipiki nyingi ziko hapo hapo, usidanganywe kwamba ni kifaa cha kuagiza Dubai. Ila iwe nzima. Betri iliyokaa mwaka mzima haijachajiwa ni sanduku tu lililofungwa kwenye tela, na ndo hali ya nyingi nilizoziona zikiuzwa.

Mbona siipendekezi kwa boti? Maji, kwanza. Ziwa letu halina chumvi kwa hiyo kutu haiendi mbio kama Dar, lakini sumaku, waya na viungio vya umeme kuzamishwa kila wiki kuna siku vitakuachia na hutajua mpaka uhitaji. Pili ni lile la gari la kuazima, gari lisilo na kidhibiti ndani linavuta tela la umeme kama tela lisilo na breki, dharura peke yake ndo inabaki. Tatu, fundi wa kulitengeneza yupo lakini sio kila mtaa. Kwa jenereta au kompresa inayokwenda migodini na pickup ile ile ya kampuni, dereva yule yule, hapo naichukua ya umeme bila kusita.

Kuipima: chomoa plagi ya tela kwenye gari kwanza, hii usiruke, umeme wa betri ukirudi kinyume unaweza kuunguza kidhibiti. Nyanyua gurudumu kwa jeki, zungusha, chomoa pini. Gurudumu lisimame papo hapo na usiweze kulizungusha kwa mikono. Rudisha pini. Rudia gurudumu la pili. Na pini sio hendibreki, kuna watu wanaichomoa wakipaki usiku, asubuhi betri imekufa na tela liko huru.

YA UPEPO

Kwa kifupi kwa sababu mwenye semi hasomi hapa kuchagua, kashanunua. Mvumbuzi Mmarekani George Westinghouse alishalitatua hili kwenye treni mwaka 1872: upepo ndo unaozuia breki zisishike, ukipotea zinashika. Kwenye lori ni mpira mwekundu, ukikatika tela linafunga. Cha kuangalia ni tela la zamani lisilo na springi kwenye vyungu vya breki, vile vinavyosukuma breki kwenye gurudumu, hilo linafunga kwa upepo uliobaki kwenye tanki lake, na upepo unavuja taratibu, kwa hiyo ukiliacha Usagara limefungwa jioni usitegemee kulikuta limefungwa asubuhi. Vigingi.

KWA HIYO IPI

Chini ya kilo 750 na safari za mjini: cheni mbili, hela iliyobaki nunua taa nzuri. Boti ya kati na tela linaloazimwa: breki ya kusukumwa ya fimbo na dramu, hendibreki yenye meno, waya wa dharura, na cheni juu yake. Boti kubwa inayoingia majini kila siku na una mtu wa kuitunza: ya mafuta yenye diski. Mzigo mzito mkavu, gari moja: umeme. Ukiniuliza wapi watu wanapoteza hela, ni kuagiza tela la umeme la Marekani kwa ajili ya boti kwa sababu linaonekana la kisasa, alafu mwaka wa pili fundi anang'oa sumaku zote na linarudi kuwa tela la cheni, la tani mbili.

Ukiwa na waya na cheni pamoja, waya uvute kabla cheni hazijakaza. Ukiwa mrefu kuliko cheni, tela linabaki linaning'inia kwenye cheni halina breki, na ukikanyaga breki ya gari linakuja kukugonga nyuma. Likishakutokea toa mguu kwenye mafuta na usikanyage breki kwa hasira. Na mwisho wa waya ufungwe kwenye chuma kilichoshika chasisi, usiuzungushe kwenye boli wala usiupachike kwenye cheni.

Alafu saizi ya boli, hii inachomoa matela mengi kuliko ubovu wa breki. Magari na matela yetu yametoka kila kona ya dunia. Ulaya ni milimita 50, Marekani wana inchi 2 ambayo ni milimita 50.8, na wana ndogo yake ya milimita 47.6. Kikombe cha inchi 2 juu ya hilo dogo kinafunga vizuri kabisa, kinatoa na mlio, na tuta la kwanza la maana kinaruka. Namba imegongwa juu ya boli, futa grisi usome. Ukishafunga, weka jeki chini ya pua ya tela unyanyue, sehemu ya nyuma ya gari ipande pamoja na tela. Kama kikombe kinaachana na boli, hujafunga.

Uzito wa pua nao. Wamarekani wanasema asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote ukae kwenye boli, yani tela la tani moja liwe na kilo 100 mpaka 150 pale mbele, ila soma kwanza boli la gari lako linaruhusu ngapi, magari madogo mengi hayafiki huko. Boti ndo zinakosea hapa, injini iko nyuma, pua inakuwa nyepesi, tela linaanza kucheza mkia ukifika 70. Mwaloni kuna mizani za chini za kupimia magunia ya dagaa, omba moja, weka pua juu yake tela likiwa limelala sawa. Ikisoma kidogo sogeza boti mbele au mwambie fundi arudishe ekseli nyuma.

Tangu daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 safari ya Sengerema na Geita haina tena foleni ya kivuko pale Kigongo, na foleni ile, bila mtu kukusudia, ilikuwa inawapa watu muda wa kushuka na kuangalia tela. Sasa unapita kilomita 3 juu ya maji bila kusimama. Simama Usagara kabla hujakata kona. Gusa kitovu cha kila gurudumu kwa nyuma ya mkono, vuguvugu ni sawa, kinachounguza ni beringi au breki inayoshika muda wote, na kama ndo unatoka kushusha boti kwingine subiri vipoe kabla ya kuviingiza majini tena, chuma cha moto kikizama kinavuta maji ndani ya grisi. Tikisa kufuli la kikombe, angalia nati ya boli kwa chini, angalia pini au waya bado umeshika.